Wapigaji wa mpira wa vyuo Marekani: je, asilimia inatosha kumtambua aliye bora?

#1 Mzee wa Wastani
Salaam wakuu. Tangu 1992 tuzo ya Lou Groza hutolewa kwa mpigaji bora wa mpira wa Kimarekani ngazi ya vyuo, na kila msimu ukielekea ukingoni mjadala hubebwa na namba moja tu, nayo ni asilimia ya mipira aliyoipitisha kati ya nguzo. Ninadai kwamba namba hiyo haitoshi hata kulinganisha wapigaji wawili wa msimu mmoja, seuze wa vizazi viwili.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, timu iliyokwama inaweza kumwita mpigaji aupige mpira kutoka ardhini upite juu ya mtambaa wa panya na katikati ya nguzo mbili, na akifaulu timu hupata pointi 3. Umbali huhesabiwa kwa yadi, na kwenye mahali mchezo uliposimama huongezwa yadi 17, yaani 10 za eneo la mwisho lililo mbele ya nguzo na 7 ambazo mpira hurudishwa nyuma kwa mshikaji. Kwa hiyo timu iliyokwama kwenye yadi ya 20 itapiga kutoka yadi 37.

Sasa chukueni mfano wa kubuni. Tuseme mpigaji wa kawaida hufaulu asilimia 95 chini ya yadi 30, asilimia 85 kati ya 30 na 39, asilimia 70 kati ya 40 na 49, na asilimia 50 kuanzia yadi 50. Mpigaji wa kwanza amepiga mara 12, 8 na 2 katika makundi matatu ya mwanzo, hakuwahi kujaribu yadi 50, akafaulu 20 kati ya 22. Wa pili amepiga mara 4, 6, 8 na 6, akafaulu 18 kati ya 24. Magazeti yataandika asilimia 91 dhidi ya 75 na kumtawaza wa kwanza. Lakini mpigaji wa kawaida akipewa mapigo ya yule wa kwanza angefaulu 19.6, na akipewa ya yule wa pili angefaulu 17.5. Wa kwanza amezidi kwa 0.4, wa pili kwa 0.5. Kwa pointi ni 1.2 na 1.5, na anayeonekana dhaifu ndiye aliyeongoza kwa unywele.

Swali langu ni hili: tukikubali kipimo cha namna hii, kingetuonya mapema kuhusu Roberto Aguayo?

#2 Kijiwe cha Takwimu
Nimekaa mstari wa mbele. Aguayo ndiye kesi ambayo haiishi.

#3 Bint Columbus
Tuweke kwanza kumbukumbu sawa, kwa sababu habari za Aguayo husimuliwa kwa kutiwa chumvi. Alipigia Florida State misimu mitatu: 2013 alifaulu 21 kati ya 22 na kutwaa Lou Groza, 2014 alifaulu 27 kati ya 30, na 2015 alifaulu 21 kati ya 26. Jumla ni 69 kati ya 78, na zile pointi moja za nyongeza baada ya tachidauni (yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho) alipata zote 198. Mwaka 2016 Tampa Bay, timu ya ligi ya kulipwa, walipanda ngazi kwenye drafti, yaani zamu za timu hizo kuchagua wachezaji wa vyuo, ili wamchukue akiwa chaguo la 59, raundi ya pili, jambo ambalo wapigaji hawalipati mara kwa mara. Msimu wake wa kwanza wa kulipwa alifaulu 22 kati ya 31, na Agosti 2017 akaachwa.

Sasa tazameni kilichofichwa ndani ya 69 kati ya 78. Chini ya yadi 40 alipiga 49 na hakukosa hata moja. Kuanzia yadi 40 alifaulu 20 kati ya 29, ambayo ni asilimia 69. Yaani mwaka huohuo wa drafti mtu yeyote mwenye kalamu angeona kwamba ukamilifu wake ulikuwa wa karibu, na kwamba kutoka mbali alikuwa mpigaji kama wengine. Kwenye ligi ya kulipwa mapigo ya mbali ndiyo kazi yenyewe.

#4 Kipa Mstaafu
Hapo Bint Columbus amemaliza, lakini kuna jambo ambalo takwimu haziligusi. Asilimia zake zilishuka kila mwaka: 95, 90, kisha 81. Kijana alikuwa anapoteza imani na mguu wake kabla hata hajaitwa Tampa. Mimi nimesimama golini miaka mingi, na mpigaji wa penalti mwenye wasiwasi humjua tangu anapouweka mpira chini.

#5 Kijiwe cha Takwimu
Mkuu Kipa, ninakuheshimu, lakini mteremko huo hauthibitishi chochote. Mpigaji mwenye uwezo uleule wa asilimia 88 akipiga mara 26 tunatarajia afaulu 23. Aguayo alifaulu 21. Tofauti ya mapigo mawili iko ndani kabisa ya kile ambacho bahati peke yake huleta, kwa sababu mkengeuko wa kawaida, yaani kiasi ambacho matokeo huyumba kwa bahati, katika mapigo 26 ya namna hiyo ni kama 1.7. Tunajenga hadithi ya kijana kuvunjika moyo juu ya mipira miwili, na pengine mmoja wao ulipulizwa na upepo.

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko umbali, na mleta mada amelipita juu juu. Mpigaji wa chuo hupiga labda mara 25 kwa msimu. Ukiwa na uwezo wa kweli wa asilimia 80, kosa sanifu (mkengeuko huohuo kwa asilimia) la mapigo 25 ni pointi 8 za asilimia, maana yake msimu wako unaweza kutua popote kati ya 64 na 96 na wewe hukubadilika hata kidogo. Anayetoa tuzo kwa kulinganisha asilimia 92 na 84 anampongeza aliyebahatika.

Na hata zile 49 kati ya 49 tuziangalie kwa utulivu. Mpigaji mwenye uwezo wa asilimia 95 kutoka umbali huo ana nafasi ya karibu 8 kwa 100 ya kupiga 49 mfululizo bila kukosa. Vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 120, na wapigaji hupishana kila baada ya miaka michache. Katika kundi kubwa kiasi hicho lazima atokee mmoja, na akitokea ataitwa wa kipekee.

#6 Mkia wa Pweza
Kwa hiyo kwa mujibu wa Kijiwe hakuna mpigaji mzuri duniani, kuna waliobahatika na wasiobahatika. Asante kwa faraja, nitamwambia mwajiri wangu.

#7 Kijiwe cha Takwimu
Sikusema hivyo. Uwezo upo, ila ishara yake ni hafifu na inahitaji mapigo mengi ndipo isikike. Njia inayokubalika ni kumkopesha kila mpigaji mapigo kadhaa ya wastani kabla ya kumhukumu, ili mwenye mapigo 10 avutwe sana kuelekea katikati na mwenye mapigo 90 avutwe kidogo. Ndiyo maana mimi ninawaheshimu zaidi wenye miaka mingi: Zane Gonzalez wa Arizona State alimaliza 2016 akiwa na mabao 96, na Christopher Dunn wa NC State akampita 2022 kwa kufikisha 97. Hapo angalau kuna kitu cha kupima.

#8 Mama Wawili, Ohio
Habari za humu. Kijana wangu anapigia timu ya sekondari huku Ohio na ninaomba mnisikilize kidogo, kwa maana ninyi mnamhesabu mpigaji kana kwamba yuko peke yake uwanjani. Pigo moja lina watu watatu. Kuna anayeurusha mpira nyuma kupitia miguuni, kuna anayeupokea na kuusimamisha ardhini huku akiugeuza ili kamba zake zitazame mbele, halafu ndiyo mguu wa mwanangu. Msimu uliopita mshikaji wao wa kawaida aliumia kifundo cha mkono, akawekwa mwingine ambaye alikuwa akiuinamisha mpira vibaya, na mapigo ambayo kijana alizoea kuyafunga yakaanza kupinda kushoto. Kwenye jedwali la shule yote yameandikwa kwa jina lake. Mshikaji hana safu yake mwenyewe.

Jambo lingine ni kwamba nguzo za sekondari zina upana wa futi 23 na inchi 4, karibu mita 7.1, na wanaruhusiwa kuweka mpira juu ya kitako kidogo. Chuoni nguzo ni futi 18 na inchi 6, karibu mita 5.6, na mpira unapigwa kutoka kwenye nyasi. Kwa hiyo kocha wa chuo anayetazama asilimia za sekondari anatazama mchezo mwingine.

#9 Mzee wa Wastani
Mama Wawili, karibu sana, na pole kwa kijana. Umegusa kitu ambacho hata takwimu za vyuo hazikitenganishi: pigo lililozuiwa na ukuta wa wapinzani huandikwa kuwa kosa la mpigaji, ingawa mara nyingine mlinzi wa pembeni ndiye aliyepitwa.

#10 Mzee wa Kumbukumbu
Hizo futi 23 na inchi 4 za Mama Wawili ndizo zilizotumika pia vyuoni kuanzia 1959 hadi 1990, nguzo zikapunguzwa 1991. Kitako kilipigwa marufuku vyuoni 1989. Alama za ndani za uwanja, ambako mpira huwekwa mchezo ukiishia pembeni, zilisogezwa karibu na katikati 1993. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba wapigaji wa zamani walikuwa na miguu ya chuma kwa kuwa Steve Little wa Arkansas na Russell Erxleben wa Texas walifunga kutoka yadi 67 mwaka 1977, akumbuke kwamba walikuwa na kitako na lango pana. Kwangu yadi 65 za Martin Gramatica wa Kansas State mwaka 1998, bila kitako na kwenye nguzo nyembamba, ni pigo kubwa zaidi ya hizo 67.

Na kwa kuwa tuko Afrika, tusimsahau Obed Ariri, Mnigeria aliyeipigia Clemson hadi 1980 na kumaliza na mabao 63, wala Donald Igwebuike aliyempokea na kuwamo kwenye kikosi cha ubingwa wa 1981.

#11 Mkia wa Pweza
Mzee wa Kumbukumbu, Ariri naye si alipigia lango pana lilelile? Naona kwa Little na Erxleben umetoa makato ya kodi, kwa Mnigeria umesamehe.

#12 Mzee wa Kumbukumbu
Makato yapo kwa wote. Ariri nimemtaja kwa heshima, sikumpanga kwenye orodha.

#13 Fundi wa Pembe
Nina swali kuhusu alama za ndani, kwa sababu kila mchambuzi huzitumia kueleza kwa nini wapigaji wa vyuo hukosa. Chuoni alama hizo ziko futi 40 kutoka moja hadi nyingine, huku kwenye ligi ya kulipwa zikiwa futi 18 na inchi 6, sawa na upana wa nguzo zenyewe. Nimefanya hesabu ya pembe. Ukipiga yadi 20 kutoka katikati, lango linaonekana kwa upana wa nyuzi 17.5, na ukipiga kutoka kwenye alama ya ndani ya chuo linaonekana kwa nyuzi 15.8. Kutoka yadi 45 tofauti karibu itoweke: nyuzi 7.8 dhidi ya 7.7. Pigo la karibu, ambalo wote huliita rahisi, ndilo linaloumizwa na alama za ndani, na pigo la mbali haliumizwi karibu hata kidogo.

Kama hivyo ndivyo, basi zile 49 kati ya 49 za Aguayo ni za ajabu zaidi ya tulivyodhani, kwa sababu alizipiga mahali ambapo pembe humnyima mpigaji nafasi. Kijiwe anasema ni bahati ya kundi kubwa. Mimi siamini kwamba ni bahati tupu.

#14 Bint Columbus
Hesabu ni safi, ila kupungua kwa pembe si hasara yote. Kutoka alama ya ndani kwa yadi 20 mpigaji analazimika kugeuza mwili kama nyuzi 18, na ukuta wake haugeuki naye. Mzuiaji wa upande mmoja anakuwa na njia fupi zaidi ya kuufikia mpira.

Kuhusu kuanguka kwa Aguayo, kuna kitu hakijatajwa. Kuanzia 2015 ligi ya kulipwa iliirudisha pointi ya nyongeza hadi pigo la yadi 33, ilhali chuoni imebaki yadi 20. Zile 198 kati ya 198 ambazo wapambe wake walizitaja kama ushahidi wa ukamilifu zilikuwa pigo ambalo akiwa Tampa hakulipiga tena. Aidha, tangu 1999 ligi hiyo ilikuwa na mipira maalumu ya mapigo iliyosimamiwa na waamuzi, migumu na mipya, wakati chuoni kila timu huutumia mpira wake uliokwisha kulainishwa.

#15 Kipa Mstaafu
Umbali, pembe, mpira mgumu, mshikaji. Mmeorodhesha kila kitu isipokuwa binadamu. Tampa walitoa chaguo zao mbili ili kumpata mpigaji, na kila alipokosa watangazaji walikumbusha bei yake. Mweke kijana yeyote chini ya macho hayo, kisha mniletee jedwali la yadi.

#16 Mwanafunzi wa Laramie
Wakuu, mimi ninasoma Wyoming, ambako uwanja uko futi 7,220 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Arusha na Nairobi. Hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali, lakini upepo wa hapa ni habari nyingine. Jedwali la umbali peke yake litampendelea mpigaji wetu siku tulivu na kumwonea siku ya upepo, na siku tulivu huku ni chache. Ningependa kipimo kitakachoingiza mwinuko, upepo na baridi. Ugumu ni kwamba ukiongeza kila kitu, mapigo 25 ya msimu yanagawanyika hadi kila sanduku linabaki na pigo moja.

#17 Kijiwe cha Takwimu
Ndiyo sababu athari za hewa na umbali hukadiriwa kwa mapigo ya vyuo vyote kwa pamoja, maelfu kwa maelfu, kwa rigresheni ya lojistiki, yaani hesabu ya kukadiria uwezekano wa kufaulu, kisha mpigaji mmojammoja hupimwa dhidi ya makadirio hayo. Huyagawi mapigo yake peke yake kwenye masanduku.

Lakini kuna upendeleo ambao hesabu hiyo hairekebishi, nao ni uamuzi wa kocha. Mwenye mpigaji dhaifu hamruhusu kujaribu yadi 48 kwenye upepo. Huagiza mpira upigwe mbali kuwarudishia wapinzani au hujaribu kusonga kwa nguvu. Mwenye mpigaji imara humtuma. Kwa hiyo orodha ya mapigo ya yadi 48 tuliyonayo ni ya wapigaji ambao makocha waliwaamini, na wastani wa kufaulu kutoka hapo ni wa juu kuliko ungekuwa kama kila mmoja angetumwa. Mpigaji wa pili wa mleta mada, yule wa 18 kati ya 24, analinganishwa na wateule, na mwenziwe aliyepewa mapigo ya karibu analinganishwa na kila mtu.

#18 Mzee wa Wastani
Hoja hii inanipendeza kwa sababu inafungua mlango mwingine. Kama kocha kukutuma ni ushahidi, basi na kutokutumwa nako kuhesabiwe. Katika mfano wangu, yule wa kwanza hakupewa hata pigo moja la yadi 50 msimu mzima. Ningemkata kitu kwa hilo.

#19 Bint Columbus
Mleta mada, hapo unamhukumu mpigaji kwa woga wa kocha wake. Pia kuna gharama ya kujaribu. Novemba 30, 2013, Alabama walikuwa sare 28 kwa 28 na Auburn, imebaki sekunde moja, wakamtuma Adam Griffith yadi 57. Mpira ukapungua, Chris Davis akaudaka nyuma kabisa, akakimbia nao uwanja mzima, na Auburn wakashinda 34 kwa 28. Cade Foster, mpigaji wao wa kwanza, alikuwa ameshakosa mawili na moja likazuiwa siku hiyo. Niambieni kosa la Griffith mtaliandika kwa pointi ngapi: 3 alizokosa au 6 zilizofungwa na wapinzani?

#20 Fundi wa Pembe
Tena chuoni ukikosa kwa kawaida wapinzani huanzia mahali mchezo uliposimama, au yadi ya 20 ikiwa pigo lilikuwa la karibu, wakati kwenye ligi ya kulipwa huanzia pale mguu ulipougusa mpira, yadi 7 nyuma zaidi. Kwa hiyo kosa la mbali ni nafuu kidogo chuoni, ukiacha balaa kama ya Auburn.

#21 Mama Wawili, Ohio
Naomba kuuliza kuhusu Younghoe Koo. Mwanangu ana picha yake ukutani. Mwaka 2016 alifaulu 19 kati ya 20 akiwa Georgia Southern, hakuna aliyemchagua kwenye drafti, Chargers wa ligi ya kulipwa wakamjaribu mechi nne 2017 na kumwacha, kisha 2020 akiwa Atlanta akafaulu 37 kati ya 39. Kipimo chenu kinasemaje hapo?

#22 Kijiwe cha Takwimu
Kinasema kwamba 19 kati ya 20 ni mapigo machache, na kwamba mechi nne ni chache zaidi. Waliomwacha 2017 walifanya kosa lilelile la waliomchagua Aguayo 2016, wakiangalia upande mwingine.

#23 Kipa Mstaafu
Au alikua, akatulia, akajijua. Lakini neno hilo halina safu.

#24 Mkia wa Pweza
Na Brandon Aubrey je? Chuoni, Notre Dame, alicheza soka yetu hii ya miguu, hakupiga mpira wa Kimarekani hata mara moja. Akapitia USFL, ligi ndogo ya kulipwa, kule Birmingham, akatua Dallas 2023, akafunga mabao yake 35 ya kwanza mfululizo. Kijiwe, mfumo wako wa kumkopesha kila mtu mapigo ya wastani ungempa alama gani siku anamaliza chuo?

#25 Kijiwe cha Takwimu
Ungempa wastani, mkuu. Asiye na mapigo hupewa wastani.

#26 Mkia wa Pweza
Wastani wa nani sasa, wa wapigaji au wa walinzi wa soka?

#27 Mzee wa Wastani
Jina langu lisitumiwe vibaya humu. Kijiwe, nitakutumia jedwali la misimu mitano ya mapigo kuanzia yadi 40, nikiwa nimetoa yaliyozuiwa. Kipa, ukiwa na njia yoyote ya kuandika wasiwasi kwa namba, nitaiwekea safu.

#28 Kipa Mstaafu
Anza na muda wa mapumziko ambao kocha wa wapinzani huuomba dakika ya mwisho ili kumchelewesha mpigaji. Linganisha waliocheleweshwa na wasiocheleweshwa kutoka umbali uleule, kisha tuje tubishane.